Ukoko wa Birika Hauna Kosa, Ulizeni Mabomba

Ukoko mweupe ulioganda chini ya birika la mama yako si uchafu, si dawa, wala si dalili kwamba maji ya mji wenu yanaua watu. Ni chokaa. Naanza moja kwa moja hapo kwa sababu tangu tulipogusia maji kwenye kipindi, wengi wenu mnaoishi miji midogo ya kusini na mashariki ya England mmeniletea picha za mabirika, masufuria na vichwa vya shawa, zote na swali lile lile: "Hivi haya maji kweli yananyweka?"

Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndilo lililonikalisha kuandika, maana naona tunaogopa kitu kisicho na neno, halafu tunanyamazia kile kinachostahili kuulizwa.

Kwa wasionijua: naishi Hitchin, mji mdogo wa kaunti ya Hertfordshire, kaskazini ya London. Kazi yangu ni ukaguzi wa majengo. Mtu akitaka kununua nyumba ananilipa nipande darini, niingie chini ya sinki, nipige tochi nyuma ya makabati, kisha nimwandikie ripoti ya yale ambayo dalali hakumwambia. Kwa hiyo mabomba nayaona kila wiki. Na kwa upande wa nyumbani, mama ni wa Unguja na baba ni wa Tanga, na wote wawili hawajawahi kunywa maji ya bomba bila kuyachemsha, tangu walipoingia nchi hii mpaka leo. Hii mada nimekua nayo.

Chokaa ni ile ile

Ardhi ya huku kwetu chini yake ni chaki, mwamba mweupe laini. Mvua ikinyesha, maji yanazama taratibu ndani ya ule mwamba, na yanapopita yanayeyusha chokaa kidogo kidogo. Sehemu kubwa ya maji ya mji wetu yanachimbwa humo. Ndiyo maana yanaitwa maji magumu: yamebeba kalsiamu na magnesiamu nyingi. Ugumu hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika kila lita. Kwa mgawanyo unaotumiwa na Shirika la Afya Duniani, chini ya 60 ni maji laini, na juu ya 180 ni magumu sana. Hitchin tumo kwenye hayo magumu sana, bila ubishi.

Ukiyachemsha, ile chokaa iliyoyeyuka haiwezi tena kukaa ndani ya maji, inatoka na kuganda penye moto. Ndiyo ukoko wenyewe. Yaani birika haliyachafui maji wala maji hayalichafui birika. Birika linakuonyesha tu kilichokuwemo tangu mwanzo.

Sasa hapa ndipo napenda kuwachokoza wazazi. Mwamba wa chaki umetokana na mabaki ya viumbe vidogo vya baharini vya zamani sana. Mawe ya matumbawe yaliyojengea Mji Mkongwe nayo yametoka baharini, na chokaa iliyoyashikisha ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo. Tanga, pale Amboni, mapango ni ya mawe ya chokaa. Maji ya visima vinavyochimbwa kwenye mawe ya namna hiyo ni magumu vile vile. Bibi yangu Unguja alikuwa akikinga maji ya mvua kwa ajili ya kufulia, kwa kuwa ya kisimani sabuni haikutoa povu. Hakuhitaji maabara kumwambia. Kwa hiyo mama anaposema "maji ya Wazungu yana chokaa", mimi namjibu, "Mama, hata yenu."

Madai matatu ya mitandaoni

La kwanza ni ule utando unaoelea juu ya chai ya rangi, ambao ukiuvunja kwa kijiko unapasuka kama barafu nyembamba. Kuna video zinasema ni plastiki. Si plastiki. Mwaka 1993 wanakemia wawili wa Imperial College London, Michael Spiro na Deogratius Jaganyi, walichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu utando huo. Unatokea pale chai inapokutana na hewa kwenye maji yenye kalsiamu na baikaboneti. Kamulia limao, utando unaondoka. Na huyo Jaganyi, kwa wale mnaopenda kusikia habari za watu wetu, baadaye alikuja kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Kwa hiyo swali la utando wa chai lilishajibiwa kabla baadhi yenu hamjazaliwa, tena jina la mmoja wa waliolijibu bibi yako anaweza kulitamka.

La pili ni ngozi na nywele. Hapa sitawaambia mnajitungia. Sabuni kwenye maji magumu inageuka utando unaobaki mwilini na kichwani, na mwenye nywele za kipilipili au misuko anaujua vizuri. Lakini kati ya kukerwa na kuugua kuna hatua. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika hapa England kwa watoto 336 wenye pumu ya ngozi. Wengine walifungiwa mashine za kulainisha maji nyumbani, wengine waliendelea na matibabu yao ya kawaida tu. Wauguzi walipopima ngozi, mashine haikuleta tofauti. Haina maana kwamba maji magumu hayahusiki kabisa na ngozi. Ina maana kwamba kabla mtu hajakuuzia mashine ya maelfu ya pauni kwa jina la ngozi ya mtoto, muulize ushahidi wake ni upi.

La tatu ni hizo mashine zenyewe. Zile za chumvi zinafanya kazi ya kubadilishana: zinatoa kalsiamu, zinaingiza sodiamu. Birika linabaki jeupe pee, kweli, lakini baba yako mwenye presha ambaye daktari alimkataza chumvi hastahili kunywa hayo. Wala si ya kumtengenezea mtoto mchanga maziwa. Ndiyo maana mafundi wa haki huacha bomba moja jikoni lisilopita kwenye mashine. Ukiona mashine imefungwa na bomba hilo halipo, uliza.

Ama huo ukoko, dawa yake ni siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Iache ndani ya birika usiku kucha, asubuhi suuza vizuri. Kamwe usiichanganye siki na Jik au dawa yoyote ya klorini, maana inatoa hewa ya sumu. Kazi imekwisha.

Wazee hawakukosea kushuku

Mpaka hapa wengine mtakuwa mmeshaanza kuchekelea: kumbe wazee wanapoteza hela bure, kila Jumamosi gari limejaa maboksi ya maji ya chupa. Subirini kwanza.

Mazoea ya kuchemsha maji, kuyachuja kwa kitambaa na kuyafunika hayakutokana na ujinga. Yametokana na kipindupindu na homa ya matumbo. Na hata hapa Uingereza, historia inawapa wazee haki ya kuuliza. Julai 1988, Camelford, mji mdogo wa Cornwall, tani 20 za alumini salfeti zilimwagwa kwenye tangi lisilo lake. Hiyo ni ndugu wa shabu, ile waliyoitia bibi zetu kwenye mtungi ili tope litulie, ila hapa ilikuwa kwa kiasi cha kuumiza. Watu walilalamika juu ya ladha, wakaambiwa maji ni salama. Zaidi ya wiki mbili zilipita kabla hawajaelezwa kilichotokea. Serikali ilikuja kuomba radhi mwaka 2013.

Si hadithi ya kale tu. Mei 2024, Brixham, mji wa bandari huko Devon, maji yaliingiwa na kijidudu cha kriptosporidiamu na watu wakaharisha. Maelfu ya kaya ziliambiwa zichemshe maji kabla ya kunywa, na baadhi ziliendelea kuchemsha karibu wiki nane. Hebu fikiria. Kwa karibu wiki nane sehemu ya mji wa Kiingereza iliishi kama mama yangu. Na kwa kijidudu kile, kuchemsha ndilo jibu sahihi.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wenzetu wanaowacheka wazee kwenye magrupu ya WhatsApp. Tatizo halipo kwenye kushuku. Tatizo ni kwamba shuku imeelekezwa kwenye kinachoonekana. Maji meupe, ukoko, harufu ya klorini: hivyo jicho na pua vinaona, basi vinatutisha. Lakini macho si mpimaji wa maji. Waulizeni wenzetu ambao wazazi wao ni wa Arusha na Meru. Maji ya kule mengine ni angavu, matamu, yametoka mlimani, na watoto walioyanywa wakaota meno ya kahawia kwa wingi wa floridi. Hakuna aliyeiona floridi kwenye kikombe.

Kitu cha kuogopa hakina rangi

Hapa England kile ninachokitafuta mimi nikiingia chini ya sinki ni risasi. Si ya bunduki, ni ile metali. Nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya 1970 ziliungwa na bomba kuu la mtaani kwa bomba la risasi, na baadhi bado zinayo. Miji midogo kama wetu imejaa nyumba za safu za enzi za Malkia Victoria, ambazo ndizo nyingi wanazopangishwa watu wetu: nyumba imegawanywa vyumba, ukuta umepakwa rangi mpya, jiko jipya, na chini ya sakafu bomba ni lile lile.

Risasi kwenye maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, maana inagusa ubongo unaokua. Kisheria hapa kikomo ni maikrogramu 10 kwa lita tangu mwisho wa 2013. Kabla ya hapo kilikuwa 25. Na sikilizeni hili vizuri: kuchemsha hakuondoi risasi. Maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki pale pale. Lile zoea lililotuokoa na kipindupindu halifanyi kazi hapa.

Tena ukoko tunaoulaani una kafadhila kake. Kwenye maji magumu, chokaa hujitandaza ndani ya bomba na kupunguza kidogo maji kugusana na risasi. Glasgow, ambako tangu 1859 wanakunywa maji laini ajabu ya ziwa Loch Katrine, chai yao haina utando na birika lao linang'aa, ndiko maji yalikokuwa yakiyeyusha risasi kwa urahisi zaidi. Siku hizi makampuni mengi ya maji huongeza fosfeti ili kuizuia. Inasaidia, lakini haimalizi. Dawa kamili ni kulitoa bomba.

Mama yangu mdogo alipanga nyumba ya namna hiyo katika mji wa jirani. Mjukuu alipozaliwa akaanza kununua maji ya chupa kwa ajili ya maziwa ya mtoto, sababu: ukoko. Nilipokwenda kumwona nikatazama chini ya sinki. Bomba la kijivu kilichofifia, limevimba kwenye kiungo. Nikalikwaruza kwa sarafu, pakang'aa kama fedha. Nikamwambia, "Mama mdogo, hili ni la risasi. Tumwandikie mwenye nyumba, na tuwapigie kampuni ya maji waje wapime."

Jibu lake sitalisahau. "Mwanangu, usinichokozee. Huyu bwana hajanipandishia kodi miaka minne. Maji nitanunua mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yale maboksi hayakuwa ya chokaa. Alikuwa analipa kila wiki ili asimsumbue mtu. Wangapi kati yetu tumelelewa hivyo? Usilalamike, wewe mgeni. Shukuru umepata. Na mwisho wa yote, hata hayo ya chupa hayakuwa jibu: NHS kwa kawaida haishauri maji ya chupa kwa maziwa ya mtoto, kwa sababu si safi kabisa ya vijidudu na mengine yana sodiamu au salfeti nyingi.

Tulipima. Ilikuja juu ya kikomo. Kampuni ilitupa maelekezo ya maji ya mtoto kwa muda ule. Mwenye nyumba alijikunyata miezi kadhaa, na barua iliyomwamsha ni ile iliyotaja halmashauri. Bomba limebadilishwa. Kodi haikupanda. Siahidi kwamba kila mwenye nyumba atakuwa hivyo, na najua hofu ya kufukuzwa si ya kuchezea. Ndiyo maana nasema mzee asiachiwe aandike barua hiyo peke yake.

Hii kazi ni yetu

Kuna rafiki yangu mmoja, tunabishana naye kila tukikutana, yeye husema: "Waache wazee na chupa zao. Pesa yao, amani yao." Namwelewa. Amani ina thamani. Lakini amani hiyo inanunuliwa na mtu anayeishi kwa pensheni, anayebeba maboksi ngazi mbili na goti bovu, ili ajikinge na kitu kisichomdhuru. Na wakati huo huo wali, uji na mchuzi vinapikwa kwa maji yale yale ya bomba ambalo hakuna aliyelikagua. Hiyo si amani, ni kutojua tu, na sisi tuliosoma ndio tunaowaacha humo.

Sisi ndio watoto tuliosoma barua za benki tukiwa na miaka tisa, tukatafsiri kwa daktari mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Leo tuna digrii, tunaandika ripoti za kurasa arobaini kazini, halafu mama akiuliza kuhusu maji tunamtumia emoji ya kucheka. Haiwi.

Yapo mambo matatu, na yote hayakuchukui zaidi ya asubuhi moja ya Jumamosi.

Kwanza, ingia kwenye tovuti ya kampuni ya maji inayohudumia wazazi wako, weka msimbo wao wa posta, usome ripoti ya eneo lao. Utaona ugumu, klorini, naitreti, risasi na mengine, pamoja na kikomo cha kila kimoja. Ugumu hautakuwa na kikomo, maana sheria haijauwekea. Hilo peke yake litakuambia wataalamu wanauonaje. Wasomee wazee kwa Kiswahili, hata kama Kiswahili chako kinachechemea. Namba ni namba. England na Wales makampuni haya husimamiwa na Drinking Water Inspectorate tangu 1990, na huko pia unaweza kusoma.

Pili, kumbuka kwamba ile ripoti haikuingia ndani ya nyumba yenu. Inaeleza eneo zima. Kama nyumba ni ya kabla ya 1970, tafuta bomba linapoingilia, mara nyingi chini ya sinki la jikoni au chini ya ngazi. La shaba ni la rangi ya machungwa, la plastiki utalijua, la chuma ni gumu. La kijivu, laini, linalong'aa ukilikwaruza, hilo ni la risasi. Ipigie kampuni uombe kipimo. Nyingi hupima bure. Mpaka majibu yaje, asubuhi fungulia maji ya baridi yajaze beseni la vyombo kabla ya kuyanywa, na hilo beseni mwagilia maua. Maji ya kunywa na ya kupikia yatoke bomba la baridi la jikoni tu. Ya moto na ya bafuni kwenye nyumba za zamani mengi yanatoka tangi la darini, na mimi nimeona vilivyomo kwenye hayo matangi. Sitawasimulia, huenda mnakula.

Tatu, kama ni ya kupanga, andika. Bomba lililo ndani ya mpaka wa nyumba ni la mwenye nyumba, si la mpangaji. Andika wewe, kwa jina la mzazi na kwa idhini yake, kwa adabu, ukiambatanisha majibu ya kipimo. Akinyamaza, idara ya afya ya mazingira ya halmashauri ina uwezo wa kukagua nyumba, na risasi imo kwenye orodha ya hatari wanazozitazama.

Ukishafanya hayo matatu, mwache mama achemshe maji yake kama anavyotaka. Hayatamdhuru, na birika utalisafisha kwa siki. Mimi sina ugomvi na kuchemsha. Ninachotaka ni lile la chini ya sinki litazamwe na mtu anayempenda, kabla halijatazamwa na mtu kama mimi siku nyumba inauzwa.

Mkishapima, tuandikieni: mji gani, nyumba ya miaka gani, mmekuta bomba la aina gani, na mwenye nyumba alisemaje. Kipindi kijacho tutayasoma, bila majina.